Nani Aseme, na Aseme Lini? Mjadala Kuhusu Mawasiliano Wakati wa Maafa

Mawasiliano wakati wa maafa ni mfumo wa kupeana taarifa kabla ya janga, linapotokea na baada ya kutokea, na mfumo huo una njia tatu ambazo mara nyingi huchanganywa kana kwamba ni moja. Njia ya kwanza huwaunganisha waokoaji wenyewe, yaani zimamoto, polisi, wanajeshi, wahudumu wa afya na watu wa Msalaba Mwekundu, ili kila mmoja ajue mwenzake yuko wapi na anafanya nini. Njia ya pili hutoka kwa mamlaka kwenda kwa wananchi, nayo hubeba tahadhari, maelekezo ya kuhama, idadi ya waathirika na majina ya hospitali walikopelekwa majeruhi. Njia ya tatu, ambayo husahaulika katika mipango mingi, hutoka kwa wananchi kwenda kwa mamlaka, na hubeba kile alichokiona mtu aliyekuwa karibu na tukio kuliko wote.

Mjadala ufuatao umepangwa kwa utaratibu uliozoeleka katika midahalo ya Afrika Mashariki, wenye hoja, mwenyekiti, upande unaounga mkono na upande unaopinga. Wasemaji hawakupewa majina kwa sababu kila mmoja anasimama badala ya msimamo unaosikika kila maafa yanapotokea. Mratibu anazungumza kwa niaba ya kamati za usimamizi wa maafa. Mwokoaji ni sauti ya askari wa zimamoto na uokoaji. Mtangazaji anatoka redio ya jamii. Na Mvuvi anawakilisha wananchi wanaojikuta eneo la tukio kabla ya gari la kwanza lenye king'ora kuwasili. Hoja iliyowekwa mbele yao inasema: wakati wa maafa, taarifa zote zitolewe na msemaji mmoja aliyeidhinishwa, na mwingine yeyote asiseme.

MRATIBU: Ndugu Mwenyekiti, wahenga walisema kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama, na ushahidi wa kauli hiyo ni jengo la maduka la Westgate jijini Nairobi, lililovamiwa na magaidi Jumamosi ya tarehe 21 Septemba 2013. Watu 67 waliuawa, mbali na washambuliaji, na operesheni ikaendelea hadi siku ya nne. Iliripotiwa kwa mapana baadaye kwamba kikosi maalumu cha polisi kilichotangulia kuingia na wanajeshi waliofuata hawakuwa chini ya amri moja, na kwamba kamanda wa polisi aliuawa kwa risasi za wenzake, jambo lililowafanya polisi watoke ndani katika wakati ambao kila dakika ilikuwa na thamani. Nje ya jengo hali haikuwa tofauti. Maofisa walitaja idadi ya washambuliaji kuwa kati ya 10 na 15, ilhali uchunguzi wa baadaye ulibainisha wanne, na ilipofika Jumatatu ilitangazwa kwamba jengo limedhibitiwa, huku mapambano yakiendelea hadi Jumanne. Ndugu aliyekuwa akimsubiri mtu wake nje ya uzio hakujua ashike kauli ipi. Kwa sababu hiyo upande huu unashikilia kwamba panapokuwa na amri moja pawe pia na mdomo mmoja, kwa maana taarifa mbili zinazopingana ni mbaya kuliko taarifa moja iliyochelewa.

MTANGAZAJI: Upande unaopinga unamshukuru Ndugu Mratibu kwa mfano wake, kwa kuwa mfano huo unaibomoa hoja yake. Kauli zilizopingana pale Westgate hazikutoka kwa wapita njia, zilitoka kwa watu wenye vyeo na idhini ya kusema. Idhini humpa mtu mamlaka, haimpi ujuzi wa kile ambacho bado hakijathibitishwa. Zaidi ya hayo, dai kwamba taarifa iliyochelewa ni afadhali halikubaliki pale ambapo janga lenyewe halisubiri. Tetemeko lililotokea chini ya bahari karibu na Sumatra tarehe 26 Desemba 2004 lilizaa mawimbi ya tsunami yaliyochukua saa kadhaa kuvuka Bahari ya Hindi hadi pwani ya Afrika. Kenya, habari za Asia zilipokuwa zimekwisha kusikika, fukwe ziliondolewa watu, na kifo kilichoripotiwa kilikuwa kimoja. Somalia, ambako hapakuwa na serikali yenye uwezo wa kuonya wala njia ya kufikisha onyo katika vijiji vya wavuvi, walikufa watu takriban 300. Ni kweli kwamba maumbile ya pwani na nguvu ya mawimbi hayakulingana katika nchi hizo mbili, lakini saa za kuonya zilikuwepo kote, na tofauti mojawapo ilikuwa ni kama kulikuwa na mtu aliyesikia habari akathubutu kuwaambia wenzake watoke majini. Lau kila aliyesikia angesubiri msemaji aliyeidhinishwa, wimbi lingefika kabla ya idhini.

MWENYEKITI: Pande zote mbili zimezungumza kuhusu mdomo. Mwokoaji, aliyeketi upande unaounga mkono, aeleze mambo yalivyo miongoni mwa waokoaji wenyewe.

MWOKOAJI: Ndugu Mwenyekiti, miongoni mwa waokoaji amri moja si jambo la kujadiliwa. Mfumo wa kuongoza tukio unaotumika leo katika nchi nyingi, ambao humweka kiongozi mmoja juu ya vikosi vyote vilivyofika eneo la tukio, ulibuniwa Marekani katika miaka ya 1970 baada ya mioto mikubwa ya misitu iliyounguza California mwaka 1970, pale ilipodhihirika kwamba vikosi vilivyotoka idara mbalimbali vilikuwa na watu na magari lakini havikuwa na mpango mmoja wala lugha moja ya redio. Kanuni mojawapo ya mfumo huo ni kwamba waokoaji waache misimbo, yaani namba na vifupisho ambavyo kila idara huvielewa kwa namna yake, watumie maneno ya kawaida. Umuhimu wa njia ya pamoja ulionekana tena New York tarehe 11 Septemba 2001, siku ya shambulio la kigaidi dhidi ya minara pacha, ambapo marubani wa helikopta za polisi waliona dalili kwamba mnara uliobaki ungeanguka, lakini onyo lao halikuwa na njia ya moja kwa moja ya kuwafikia wazimamoto waliokuwa ndani, na wazimamoto 343 walipoteza maisha siku ile.

Lazima ieleweke pia kwamba simu ya mkononi, ambayo watu wengi huitegemea, ndiyo ya kwanza kulemewa. Mnara mmoja wa simu umejengwa kubeba idadi fulani ya mazungumzo kwa wakati mmoja, na panapotokea janga kila mtu humpigia ndugu yake katika dakika zile zile, hivyo mwokoaji anayetegemea laini ya kawaida hukuta njia imeziba. Ndiyo sababu vikosi huhitaji redio za upepo zenye masafa yao, na masafa hayo yawe na nafasi ya pamoja ambamo polisi, zimamoto na gari la wagonjwa wanaweza kusikilizana. Hata hivyo, umoja wa amri unahusu nani anaamua, na hauthibitishi kwamba mwananchi anyamaze. Katika jambo hilo la pili upande huu unaomba kusikiliza kwanza.

MVUVI: Ndugu Mwenyekiti, asubuhi ya Jumapili tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Victoria, hatua chache kabla ya uwanja wa ndege wa Bukoba. Ndani yake walikuwamo watu 43, kati yao 24 wakaokolewa na 19 wakafa, wakiwemo marubani wawili. Waliofika kwanza kwa mitumbwi ni wavuvi, na abiria wakatolewa kupitia mlango wa nyuma kabla pua ya ndege haijazama zaidi. Kijana mmoja miongoni mwao, ambaye serikali ilimpongeza baadaye na kumpeleka katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, alivieleza vyombo vya habari kwamba alipiga mbizi hadi kwenye chumba cha marubani na kuwasiliana na rubani kwa ishara kupitia kioo, kisha akapanda juu na kupewa shoka la kuvunjia kioo hicho. Kwa maelezo yake mwenyewe, hapo alizuiwa na mtu mwenye kipaza sauti, aliyesema kwamba mawasiliano na marubani yalikuwa yamekwisha kupatikana na maji hayakuwa yakiingia chumbani mwao. Siku ile ile uongozi wa mkoa uliwaambia wanahabari kwamba waokoaji walikuwa wakiwasiliana na marubani. Marubani hawakutoka hai.

Hakuna anayeweza kuapa kwamba kuvunja kioo kungewaokoa, na huenda kungeyaingiza maji kwa kasi. Swali la upande unaopinga ni jingine. Aliyeshika kipaza sauti alikuwa na sauti moja iliyosikika na wote, naye kijana alikuwa ametoka kumwona rubani kwa macho yake, lakini hapakuwa na utaratibu wa kuyafikisha macho ya huyu kwenye masikio ya yule. Hoja ya Ndugu Mratibu inampa kipaza sauti mtu mmoja na kumwambia mpiga mbizi anyamaze, wakati yeye ndiye aliyekuwa na habari mpya kuliko zote ufukweni. Na hili halikuanza Bukoba. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, kikiwa kimesajiliwa kubeba watu 101, walikufa zaidi ya 220, na mamlaka hazikuweza kusema mara moja ni wangapi waliokuwa ndani kwa sababu mkatisha tiketi alikufa maji na mashine yake ikapotea. Waliojua nani alipanda siku ile ya gulio walikuwa wenzao wa gulioni na majirani wa Ukara. Maarifa yalikuwepo kisiwani, ila hayakuwa na mahali pa kupelekwa.

MRATIBU: Ndugu Mwenyekiti, mfano wa Bukoba unauma, na hauwezi kupuuzwa. Hata hivyo unathibitisha haja ya kiongozi mmoja wa tukio, kwa kuwa tatizo halikuwa wingi wa amri bali kutokuwepo kwa mtu mmoja ambaye habari zote zinapita kwake kabla ya uamuzi kutolewa. Mfano huo huo una upande wa pili ambao Mvuvi hakuutaja. Idadi ya waliookolewa ilitangazwa kwanza kuwa 26, kisha ikarekebishwa kuwa 24. Kwa msomaji wa gazeti tofauti ni ndogo, lakini kwa familia mbili ni tofauti ya kuwasha taa ya furaha na kuizima baada ya saa chache. Idadi hizo hukosewa kwa sababu inayoeleweka: majeruhi hupelekwa hospitali kwa magari tofauti, mwingine huhesabiwa ufukweni na kuhesabiwa tena wodini, na mwokoaji aliyelowa huchukuliwa kuwa abiria. Ikiwa hayo hutokea kwa wenye dhamana ya kuhesabu, itakuwaje kila mwenye simu akiruhusiwa kutangaza hesabu yake?

Jambo la pili ni tahadhari zisizotimia. Mwezi Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipokuwa kikielekea mpakani mwa Tanzania na Msumbiji, wakazi wa Mtwara walielekezwa kutafuta hifadhi, na shule na ofisi zikafungwa, lakini kimbunga kikatua Cabo Delgado tarehe 25 Aprili na Mtwara ikasalimika. Miaka miwili baadaye kimbunga Jobo kilitangazwa kuelekea pwani ya Tanzania na kikadhoofika kabla ya kuleta madhara yaliyohofiwa. Vimbunga ni vichache katika pwani hii. Kile kilichoifuta mikarafuu mingi ya Unguja mwaka 1872 na kile kilichoipiga Lindi mwaka 1952 vimebaki katika kumbukumbu za wachache, hivyo mtu anayeambiwa ahame mara mbili na mara zote mbili akarudi kuikuta nyumba yake imesimama atasema kwamba wataalamu wanatishia watu. Kila onyo hula sehemu ya imani ya wananchi, na ndiyo maana lisiachiwe kila mtu alitoe.

MTANGAZAJI: Ndugu Mratibu amesimulia nusu ya historia, na nusu iliyobaki ndiyo yenye fundisho. Mwezi Mei 2024 kilikuja kimbunga Hidaya. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania haikutoa onyo moja ikanyamaza, bali ilitoa taarifa mfululizo zilizoeleza kimbunga kiko umbali gani kutoka pwani, kinaelekea wapi na kinaongezeka nguvu au kinapungua. Safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasitishwa, wavuvi wakashauriwa wasitoke, na tarehe 4 Mei kimbunga kikafika Mafia kikiwa kimeanza kudhoofika. Upepo na mvua viliharibu makazi, na barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika eneo la Somanga. Kama Kenneth na Jobo vingekuwa vimeiua imani ya watu, Hidaya kingekuta mitumbwi mingi baharini.

Sababu ya imani hiyo kudumu ni kwamba onyo la hali ya hewa hutolewa kwa ngazi. Angalizo, lenye rangi ya njano, humtaka mtu afuatilie. Tahadhari, yenye rangi ya chungwa, humtaka ajiandae. Na tahadhari kubwa, yenye rangi nyekundu, humtaka achukue hatua. Mamlaka ikisema wazi kwamba jambo lina uwezekano mkubwa bila kuwa na uhakika, na ikaeleza kesho yake kwa nini kimbunga kiligeuka, haionekani mwongo. Kinachoivunja imani ni mamlaka iliyosema kwa uhakika kitu isichokuwa na uhakika nacho, au iliyonyamaza huku watu wakiona kwa macho yao. Ilikuwa hivyo mjini Goma, mashariki mwa Kongo, jioni ya tarehe 22 Mei 2021, mlima Nyiragongo ulipopasuka. Mbingu ilikuwa nyekundu juu ya mji, taarifa za awali zikataja Nyamulagira, mlima jirani, na maelfu ya watu wakaanza kutembea kuelekea mpaka wa Rwanda au barabara ya Sake kwa uamuzi wao wenyewe. Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma kilikuwa kimetoka katika miezi ya upungufu mkubwa wa fedha baada ya ufadhili wa Benki ya Dunia kumalizika mwaka 2020, kiasi kwamba kulipia intaneti ya kupokea takwimu kutoka vituo vya mlimani kulikuwa kumeshindikana kwa muda. Hapo msemaji mmoja angesema nini, ikiwa chombo cha kumwambia la kusema kilikuwa kimekatiwa njia ya kusikia?

MVUVI: Kisa cha Goma kina sehemu ya pili inayostahili kusikilizwa na wanaounga mkono hoja. Alfajiri ya tarehe 27 Mei, siku tano baada ya mlipuko, gavana wa kijeshi wa Kivu Kaskazini aliamuru mitaa 10 kati ya 18 ya mji ihamwe kwa sababu ya hatari ya miamba iliyoyeyuka iliyodhaniwa kuwa chini ya mji na Ziwa Kivu. Safari hii sauti ilikuwa moja, iliidhinishwa, na ilisikika. Watu takriban 400,000 wakaondoka karibu kwa wakati mmoja, barabara ya Sake ikajaa, na waliofika huko wakakuta mji mdogo usio na maji wala vyoo vya kutosha umati ule. Tangu usiku wa mlipuko wenyewe watoto zaidi ya 150 walikuwa wametenganishwa na familia zao. Mama anayeondoka na watoto watano na godoro kichwani hahitaji tu kuambiwa aondoke. Anahitaji kujua atapata wapi maji, mgonjwa wake atabebwa na nani, na mtoto akipotea ataandikishwa wapi.

Maelezo ya namna hiyo hayatoki kwa gavana, hutoka kwa kiongozi wa mtaa, mwalimu, padri na imamu, ambao wanajua nyumba ipi ina kiziwi na ipi ina mzee asiyeweza kutembea. Zamani mbiu ya mgambo ilipolia, aliyeipiga alijulikana na alisimama kwa ajili ya kuulizwa maswali. Tangazo la redio au ujumbe wa simu unamfikia mtu haraka zaidi, ila hauwezi kuulizwa. Kwa hiyo viongozi wa mitaa wasihesabiwe kuwa wasikilizaji wa msemaji mmoja, wahesabiwe kuwa sehemu ya usemaji wenyewe, wakiwa na ujumbe ule ule na ruhusa ya kuufafanua kwa mahitaji ya watu wao.

MWOKOAJI: Baada ya kusikiliza, upande huu unapenda kuweka mipaka miwili, mmoja kwa kila upande. Mpaka wa kwanza unawahusu wananchi na wanahabari. Katika shambulio, tofauti na mafuriko au kimbunga, adui naye ana simu na anafuatilia habari, hivyo picha inayoonyesha askari wanaingia kwa mlango upi, au ujumbe unaotaja chumba walimojificha watu, unaweza kuua. Habari za mwenendo wa operesheni zibaki kwa kiongozi wa operesheni, na hapo hoja ya Ndugu Mratibu ina nguvu kamili. Mpaka wa pili unawahusu wenye mamlaka. Hoteli na ofisi za DusitD2 jijini Nairobi ziliposhambuliwa tarehe 15 Januari 2019, vikosi vilionyesha mshikamano ambao haukuonekana Westgate, na operesheni ikamalizika asubuhi iliyofuata. Hata hivyo, usiku ule waziri mwenye dhamana alikuwa ametangaza kwamba majengo yalikuwa yamedhibitiwa, kisha milio ya risasi ikasikika tena wakati bado kulikuwa na watu waliojificha. Aliyeko ndani anayesikia redioni kwamba kumekuwa salama anaweza kufungua mlango, na hivyo tangazo la mapema ni hatari sawa na siri iliyovuja.

Mwisho, Mvuvi amesema kweli kuhusu njia ya tatu. Jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, tarehe 16 Novemba 2024, watu walionaswa chini ya kifusi waliwasiliana kwa simu na waliokuwa juu, na kwa njia hiyo ikajulikana walipo na hali zao. Simu moja kutoka chini ya zege ilikuwa na thamani kuliko makadirio ya mtu yeyote aliye nje. Kwa hiyo kila kikosi kinachofika eneo la tukio kinapaswa kumweka mtu mmoja ambaye kazi yake si kusema chochote, bali kupokea habari za ndugu, majirani na wapiga mbizi, kuziandika, kuzipima na kuzipeleka kwa kiongozi wa tukio.

MRATIBU: Upande unaounga mkono unakubali kwamba hoja ilivyoandikwa imebana mno, na uko tayari kuirekebisha, lakini unasisitiza jambo moja lisifichwe chini ya makubaliano. Msemaji anayetamka mapema kwamba jambo fulani bado halijathibitishwa hujiweka katika hatari ya kuonekana mzembe mbele ya wakubwa wake, na anayetoa onyo lisilotimia huulizwa gharama ya shule na bandari zilizofungwa bure. Kwa desturi ilivyo, anayenyamaza huulizwa maswali machache kuliko anayekosea. Bila kanuni inayomlinda aliyesema kwa nia njema kile alichokijua kwa wakati ule, wito wa kusema mapema utabaki kuwa mawaidha.

MTANGAZAJI: Hilo linakubaliwa, kwa sharti kwamba ulinzi huo uandamane na wajibu wa kurekebisha. Vyombo vya habari navyo vibebe sehemu yao, kwa kutotangaza jina la marehemu kabla familia haijaarifiwa, kutorudia idadi bila kutaja imetoka kwa nani na saa ngapi, na kufuta hadharani habari iliyothibitika kuwa ya uongo badala ya kuiacha ipotee kimyakimya. Uvumi hupata nafasi pale taarifa inapokosekana, na redio inayosema kila baada ya saa moja ni nini kinachojulikana, ni nini kisichojulikana na lini taarifa nyingine itatolewa huunyima uvumi nafasi hiyo hata isipokuwa na habari mpya ya kutoa.

MWENYEKITI: Kiti kimeusikiliza mjadala na kinaona kwamba pande zote mbili zimegombana kuhusu mdomo wakati jambo kubwa lilikuwa sikio. Westgate ilikosa amri moja, na hilo limekubaliwa na wote. Bukoba ilikuwa na kipaza sauti, na Goma, tarehe 27 Mei, ilikuwa na amri, lakini katika matukio yote mawili waliotoa maelekezo hawakuwa wameunganishwa na watu waliojua zaidi yao kuhusu kile kilichokuwa majini na kile kilichokosekana barabarani. Msemaji mmoja ni faida pale tu ambapo nyuma yake kuna mfumo wa kukusanya habari kutoka kwa wengi, na mfumo huo ukikosekana umoja wa sauti hugeuka kuwa umoja wa kosa, kwa kuwa hakuna aliyebaki wa kulisahihisha.

Kwa hiyo hoja inarekebishwa na kusomeka hivi. Kwanza, uamuzi wa kuongoza uokoaji uwe wa kiongozi mmoja wa tukio, na vikosi vyote viwe na masafa ya pamoja na maneno ya kawaida yanayoeleweka na kila mmoja. Pili, maelekezo ya usalama na hesabu za waathirika zitoke katika chanzo kimoja, lakini zisambazwe na wengi, yaani redio za jamii, viongozi wa mitaa, nyumba za ibada na ujumbe unaorushwa na minara kwenda kwa kila simu iliyo katika eneo la hatari bila kuhitaji namba ya mwenye simu. Tatu, kila taarifa itaje saa iliyotolewa, kinachojulikana, kisichojulikana na saa ya taarifa inayofuata. Nne, mwananchi aliye eneo la tukio ahesabiwe kuwa mwokoaji wa kwanza, awe na mtu anayejulikana wa kumpa habari zake, na asizuiwe kufanya jambo kabla ya kuulizwa ameona nini.

Hoja iliyorekebishwa ilipopigiwa kura, pande zote mbili ziliiunga mkono katika kipengele cha kwanza, cha pili na cha tatu. Katika kipengele cha nne Mratibu alihifadhi kura yake, akieleza kwamba serikali haiwezi kumpa raia dhamana ya mwokoaji bila kumpa mafunzo, bima na vifaa, na kwamba gharama hizo hazimo katika bajeti ya kamati nyingi za vijiji. Mvuvi alijibu kwamba raia ameshaibeba dhamana hiyo tangu zamani, akiwa na mtumbwi na kasia tu, na kwamba kinachojadiliwa si kama atakwenda majini, kwa sababu atakwenda, bali kama atakapotoka na habari ya aliowaona hai kutakuwa na mtu wa kumsikiliza.